Uzi maalum: minyoo, amiba na vimelea wengine wa tumboni, wako wengi kiasi gani na nani yuko hatarini zaidi

hadubini (mtoa mada)

Wakuu habari za muda huu. Nimekuwa nikiona kila mtu akilalamika tumbo anajibiwa "meza dawa ya minyoo" na mada inaishia hapo, afu mzazi akisema mwanae kakutwa na minyoo watu wanamchukulia kama vile kwake hakuna sabuni. Yote mawili yananiuma. Mi kazi yangu ni maabara, kupima choo ndo sehemu kubwa ya siku yangu, na nataka tuliongelee hili vizuri maana ni tatizo la watu wengi mno na hakuna anayetaka kulitaja kwa sauti.

Tuanze na wingi wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.5 wana minyoo ile inayoenea kupitia udongo, yaani karibu mmoja kati ya kila watu watano walio hai. Hapo ni aina chache tu za minyoo. Hujaweka giardia, hujaweka amiba, hujaweka tegu, hujaweka vile vijinyoo vyeupe vinavyowasha watoto usiku ambavyo viko mpaka kwenye nchi tajiri zenye vyoo vya kisasa kila nyumba. Watoto wa umri wa kwenda shule wanaoishi sehemu ambazo minyoo ya udongo inaenea kwa nguvu ni zaidi ya milioni 650, na wadogo zao ambao hawajaanza shule ni zaidi ya milioni 260. Kwahiyo mtu akikwambia "huo ni ugonjwa wa watu fulani" mwambie ahesabu upya.

Hiyo ya udongo wakubwa wake ni watatu. Kuna askaris, yule mrefu wa mviringo anayeweza kufika sentimita 35, jike mmoja anataga mpaka mayai 200,000 kwa siku, KWA SIKU wakuu, na anaishi mwaka mpaka miwili. Kuna mnyoo mjeledi, anajichomeka kwenye ukuta wa utumbo mpana upande wake mwembamba na kubaki hapo. Afu kuna safura, huyu ni mdogo kama sentimita 1 hivi lakini ndo mnyonya damu, na yeye hahitaji kupita mdomoni, lava wake (watoto wa mnyoo waliotoka kwenye yai) wanatoboa ngozi ya mguu.

Sasa kitu ambacho nataka kila mtu akishike. Yai la askaris likitoka tumboni haliambukizi siku hiyo. Linahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kama wiki mbili mpaka nne ndo linakomaa, na likishakomaa linaweza kudumu hapo miaka kabisa likisubiri. Ya mjeledi nayo yanataka wiki kadhaa. Ya safura yanaanguliwa ardhini, na lava wanakuwa tayari kuingia kwenye ngozi ndani ya siku 5 mpaka 10. Maana yake nini? Hawa watatu hawatoki kwa mtu kwenda kwa mtu moja kwa moja, lazima wapite ardhini. Ukitaka kujua nani yuko hatarini usiangalie nani anaonekana msafi, uliza kinyesi cha watu wa pale kinaishia wapi. Mwaka 2022 bado kulikuwa na watu milioni 419 duniani wanaojisaidia nje, na kama bilioni 3.5 choo chao hakifikishi uchafu mahali salama hata kama kina mlango na paa. Unaweza kuwa na choo kizuri cha kwako na jirani wa juu yako mlimani hana, mvua ikinyesha mnashirikiana.

Nitaendelea chini, karibuni na maswali.

jirani_mwema

Asante mkuu kwa uzi. Ila mi nakupinga kidogo hapo kwenye usafi. Natumia choo cha kuvuta, maji ni ya bomba, sina hata bustani, na bado mwaka jana niliharisha wiki tatu gesi inanuka kama yai bovu nikakutwa na giardia. Udongo umeingiaje hapo?

hadubini

Haujaingia mkuu, na ndo maana nilisema "hawa watatu". Giardia ni mdudu wa chembe moja, yeye na kriptosporidiamu (mdudu mwingine wa chembe moja anayeharisha) hawasubiri ardhini, wanatoka kwenye kinyesi wakiwa tayari wamevaa ganda gumu na wanaambukiza palepale. Tena kidogo sana kinatosha, kama maganda 10 tu ya giardia yanaweza kukuangusha, wakati mgonjwa mmoja anatoa mamilioni. Kwahiyo hatari zake ni nyingine kabisa: kubadilisha nepi za watoto, vituo vya kulelea watoto wadogo, mabwawa ya kuogelea, kunywa maji ya mto au kisima ambacho hakijafunikwa, kusafiri sehemu ambayo maji hayatibiwi, na ngono inayogusana na njia ya haja kubwa (nalisema wazi kwasababu watu wanapimwa kila kitu isipokuwa hicho wanachoona aibu kukitaja).

Na bomba si kinga kamili. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee huko Marekani, mji mkubwa wenye mtambo wa kutibu maji, kriptosporidiamu alipita kwenye mtambo na watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 wakaugua ndani ya wiki chache. Maji yalikuwa na klorini. Shida ni kwamba ganda la huyu mdudu linavumilia klorini kwa kiwango kinachowekwa kwenye maji ya kunywa, kinachomzuia ni kuchuja vizuri au kuchemsha. Maji yakitokota kwa dakika 1 yanatosha, milimani juu ya mita 2,000 weka dakika 3. Waliokufa pale wengi wao walikuwa watu wenye UKIMWI, na hilo nalo ni la kukumbuka, mtu ambaye kinga yake imeshuka anachoharisha wiki moja mwenzake yeye anaweza kuharisha miezi.

Hiyo harufu ya yai bovu uliyoitaja ni ya giardia hasa. Na kama baada ya kutibiwa bado maziwa yalikuwa yanakusumbua muda fulani, inatokea sana, utumbo unachelewa kurudisha uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, haimaanishi dawa haikufanya kazi.

jirani_mwema

Ni kweli kabisa maziwa yalinikataa kama miezi miwili! Nikajua bado ninae. Aisee nimeelewa sasa.

mama_mapacha

Habari mtoa mada, naomba nisaidie na mimi. Wanangu wanajikuna makalio usiku mpaka wanaamka wanalia, nimewapa dawa ya minyoo wakatulia, baada ya muda imerudi, nikawapa tena, imerudi. Nafua mashuka nasafisha mpaka nimechoka na mama mkwe anasema ni sukari nyingi ninazowapa ndo zinazalisha minyoo. Nimekata tamaa kwa kweli.

hadubini

Pole sana dada, na kwanza jitue mzigo, hujakosea malezi. Sukari haizalishi minyoo. Mnyoo anatoka kwenye yai la mnyoo, basi. Sukari nyingi ina mabaya yake mengi ila hili silo lake, mwambie mama kwa heshima zote.

Unachokieleza kinafanana sana na minyoo uzi. Hawa ndo wale vijinyoo vyeupe niliowagusia mwanzo, ni tofauti na wale watatu wa udongo. Jike anatoka nje usiku mtoto akiwa amelala, anataga kuzunguka njia ya haja kubwa, ndo huo muwasho, mtoto anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, kidole kinaenda mdomoni, mzunguko umekamilika, na mayai yanakuwa tayari ndani ya saa chache tu. Halafu yanasambaa kwenye shuka, nguo za kulalia, midoli, yanaweza kuishi mpaka wiki mbili au tatu ndani ya nyumba. Dawa inaua minyoo, haiui mayai. Kwahiyo ukimpa dawa mtoto leo, mayai aliyoyameza jana na yaliyoko kitandani yatakuwa minyoo mipya.

Ndo maana utaratibu ni dozi ya kwanza, afu ya pili baada ya wiki 2, na WOTE mnaoishi nyumba moja mnameza siku hiyohiyo hata asiyewashwa. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanampa anayelia peke yake. Mengine ni ya kawaida: kucha fupi, kuoga asubuhi badala ya jioni ili kuondoa mayai yaliyotagwa usiku, chupi abadilishe kila siku, mashuka usiyakung'ute hewani, yakunje taratibu peleka kwenye maji ya moto. Mkiwa na mjamzito au mtoto chini ya miaka 2 hapo ndani, hao muulize daktari kwanza.

Na kipimo chake sio choo, kwenye choo mara nyingi hatuoni kitu. Unachukua selotepu asubuhi kabla hajaoga wala hajaenda chooni, unabandika na kubandua pale penyewe, unaibandika kwenye kioo cha maabara. Asubuhi tatu mfululizo ukiweza.

mama_mapacha

Yaani mimi na baba yao hatujawahi kumeza hata mara moja!! Hatuwashwi kwahiyo sikuwaza. Mungu akubariki.

mzee_wa_shamba

Vijana mnaongea vizuri. Sisi tumekua tunatembea peku, tumelima peku, wazee wetu nao hivyohivyo, minyoo ilikuwepo na watu waliishi miaka 80. Mimi naona haya mambo yanakuzwa.

hadubini

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni ya maana na naomba nikae nayo kidogo kwasababu nusu yake ni kweli.

Kweli ni kwamba wengi wenye minyoo hawaoni kabisa kama wanaumwa. Minyoo haigawanywi sawa kwa watu. Kijiji kikiwa na minyoo, sehemu ndogo ya watu, mara nyingi inatajwa kama mmoja kati ya watano, ndo wamebeba sehemu kubwa ya minyoo, waliobaki wana michache au hawana. Kwahiyo ukiuliza watu kumi utapata nane wanakwambia "mbona mimi mzima". Wale wawili ndo wanaokufa kidogokidogo na hakuna anayejua.

Chukua safura ambayo ni ya kwetu sisi tunaotembea peku. Ile aina iliyoenea zaidi mnyoo mmoja anapoteza damu yako kama mililita 0.03 kwa siku. Utasema si kitu. Mtu akiwa nao 100 ni mililita 3 kila siku, karibu 90 kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, na ile aina nyingine inakula mara kadhaa zaidi ya hapo. Mwanaume mzima anayekula vizuri anaweza kuimudu. Binti ambaye kila mwezi anapoteza damu, mjamzito, mtoto wa miaka 6 ambaye chakula chenyewe cha shida, hao wanaisha chuma mwilini, wanapauka, mtoto anasinzia darasani mwalimu anamwita mvivu. Watu hawakusema amekufa kwa minyoo, walisema alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa.

Hata Ulaya walipita huko. Mwaka 1880 wachimbaji wa handaki la reli la Gotthard kule milima ya Alps walikuwa wanaanguka kwa upungufu wa damu mkali, wanaume wenye nguvu, na ikaja kuonekana ni safura. Handaki ni la joto, lina maji, watu wanajisaidia humohumo wanakanyaga humohumo. Milima ile juu ina baridi ambayo lava hawaiwezi, ila chini ya ardhi walitengeneza mazingira ya tropiki bila kujua. Kule kusini mwa Marekani nako, kuanzia 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni 1 kupambana na safura, wakapima watoto wa shule wakakuta kama 40 kati ya kila 100 wanao.

Na kwamba inapita kwenye ngozi iligunduliwa kwa ajali: mtafiti mmoja Mjerumani, Arthur Looss, alikuwa Misri anafanya kazi na lava, maji yakamdondokea mkononi, pakawasha pakawa pekundu, baadae akaanza kupima choo chake mwenyewe mpaka akayakuta mayai.

Kwahiyo mzee wangu, viatu. Hasa udongo wa kichanga wenye kivuli na unyevu, hapo lava wanaishi wiki tatu mpaka nne. Jua kali na ukavu unawamaliza. Na safura ina tabia yake, askaris na mjeledi vinakuwa vingi zaidi kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15, lakini safura inaongezeka na umri, watu wazima wanaolima ndo wanaoibeba.

mzee_wa_shamba

Marahaba. Hapo kwenye kusinzia darasani umenikumbusha watu. Ngoja nikae kimya nisome.

fundi_mfereji

Mkuu mi nauliza upande wa mboga. Kuna watu wanamwagilia kwa maji ya mfereji wa taka na wengine wanatumia mbolea ya vyooni, mboga zinastawi hatari. Nikiosha na chumvi au siki si inaua?

hadubini

Haiui. Yai la askaris lina ganda gumu ajabu, siki haiwezi, chumvi haiwezi, hata klorini haiwezi. Tena lina utando unaonata. Kinachosaidia ni maji mengi yanayotiririka na mkono wako kusugua jani moja moja, hapo unayaondoa, huyaui. Kupika ndo kunaua. Kwahiyo mboga inayopikwa ikaiva siogopi sana imemwagiliwa na nini, naogopa inayoliwa mbichi, na namuogopea zaidi mkulima mwenyewe aliyesimama ndani ya hayo maji na watoto wake wanaocheza pembeni.

Mbolea ya vyooni sio haramu, ila ikae kwanza. Lundo lililopata joto la kutosha lote, sio juu tu, au lililokaa muda mrefu likiwa kavu, hilo ni jingine. Inayotoka shimoni wiki hii ikaenda shambani wiki ijayo ni kupanda mayai.

Na nyama niitaje hapohapo. Tegu ya ng'ombe na ya nguruwe zote zinatokana na nyama isiyoiva. Ya nguruwe ina njia ya pili mbaya zaidi: mtu mwenye tegu hiyo tumboni anatoa mayai, mtu mwingine akiyameza (kwa mikono, maji, chakula) hapati mnyoo tumboni, anapata vifuko vya lava mwilini, na vikienda kwenye ubongo vinaleta kifafa. Sehemu ambazo tegu hii imeenea, takriban asilimia 30 ya wenye kifafa inatokana na hiyo. Ndio, kuna mtu ana kifafa na hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake, alikula chakula kilichoandaliwa na mtu mwenye tegu. Watu wangapi wamepelekwa kuombewa mapepo...

msomaji_kimya

Kwahiyo nikimeza albendazo kila miezi 6 si ndo nimemaliza? Mi huwa nafanya hivo na sina shida.

hadubini

Inategemea unaishi wapi na una nini. Ule utaratibu wa kugawa dawa kwa wote bila kupima umepangwa kwa maeneo: pale ambapo maambukizi yamefika asilimia 20 wanapendekeza mara moja kwa mwaka, yakifika 50 mara mbili kwa mwaka. Ni albendazo miligramu 400 au mebendazo 500 dozi moja, watoto wa mwaka 1 wanapewa nusu ya hiyo albendazo, wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Lengo lake ni kupunguza wale waliobeba mzigo mkubwa, na inafanya kazi nzuri sana kwa hilo, naiunga mkono kwa mikono miwili.

Ila kuna mambo matatu. Moja, dozi moja inaua askaris vizuri, lakini kwa mjeledi ni dhaifu, wengi wanabaki nao. Pili, haigusi giardia, haigusi amiba kwa dozi hiyo, kwahiyo mtu anayeharisha akimeza albendazo moja na kusema "nimeshatibu minyoo" anaweza kuwa hajatibu chochote. Tatu, na hili ndo kubwa, inarudi. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi wakakuta miezi 12 baada ya dawa, askaris inakuwa imerudi karibu kiwango kilekile cha mwanzo, kama asilimia 94 ya kilichokuwepo, na safura zaidi ya nusu. Dawa inasafisha tumbo, udongo uko palepale. Ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja.

Waliofunga bomba wapo. Korea Kusini mwaka 1971 walipima nchi nzima wakakuta asilimia 84.3 ya watu wana minyoo ya tumboni, yaani asiye nayo ndo alikuwa wa kushangaza. Mpaka 1997 ilikuwa asilimia 2.4. Walipima watoto wa shule mara mbili kwa mwaka kwa miaka na miaka, aliyekutwa nayo anatibiwa, lakini pia walikuwa wanaacha kutumia kinyesi cha binadamu kama mbolea, vyoo vikajengwa, uchumi ukapanda. Nchi ileile, watu walewale. Hawakubadilika ghafla wakawa wasafi kuliko wazazi wao, kilichobadilika ni kinyesi kinaenda wapi. Mtu akinambia minyoo ni tabia ya watu nampa hiyo.

Sio kwamba mikono haina kazi. Kule Ethiopia kuna jaribio lilichapishwa 2015, watoto wametibiwa wote, afu familia zingine zikahimizwa kunawa kwa sabuni, baada ya miezi 6 waliokuwa wameambukizwa tena ni asilimia 14 kwenye kundi la kunawa dhidi ya 29 kwenye wale wengine. Kukata kucha kila wiki nako kulipunguza. Sabuni na kikata kucha tu, sabuni peke yake inapunguza nusu. Hebu fikiria ukiweka na choo.

binti_wa_pwani

Samahani naingilia, mi kila nikienda kupima naambiwa "amiba". Mwaka huu tu nimepewa metro (metronidazo, dawa ya amiba) mara nyingi sijui hata ngapi, mdomo mchungu kama nimelamba chuma. Hiyo amiba haiishi?

hadubini

Pole dada. Hii inanigusa kwasababu ni upande wetu wa maabara. Kuna amiba wawili ambao chini ya hadubini wanafanana kabisa, entamiba histolitika ndo anayechimba utumbo na kuleta kuhara damu na jipu la ini, na ndugu yake entamiba dispa ambaye hana madhara yoyote na ndo mwingi zaidi. Nikiangalia kifuko tu (amiba akiwa amevaa ganda) siwezi kuwatofautisha, na hakuna fundi anayeweza, isipokuwa nimkute amemeza chembe nyekundu za damu, au kifanyike kipimo cha antijeni au cha vinasaba. Kwahiyo jibu la "amiba ameonekana" kwa mtu ambaye hana damu kwenye choo wala homa, mara nyingi ni dispa anayejikalia zake. Kuna na amiba wengine kabisa wa utumbo wasio na shida ambao jicho lenye haraka linawachanganya, na hata seli nyeupe za damu zinachanganywa.

Ushauri wangu: ukiambiwa tena, omba kipimo cha antijeni kama kipo, na mwambie daktari kwamba dawa hazijakusaidia ili atafute sababu nyingine ya tumbo. Usiendelee kumeza tu. Na kama kweli ni histolitika, metro peke yake haitoshi, inaua waliovamia ukuta, inatakiwa dawa ya pili ya kumaliza waliobaki ndani ya utumbo. Wengi hawapewi hiyo ya pili.

binti_wa_pwani

Sijawahi kupewa ya pili hata siku moja. Na damu sina. Dah.

mgeni_kidogo

Nimefuatilia uzi mzima. Mimi nina pumu na ugonjwa wa viungo, daktari anataka kunianzishia prednisoloni kwa muda mrefu. Nimekulia shambani peku kama mzee hapo juu, ila sasa nina miaka mingi mjini. Hii inanihusu?

hadubini

Inakuhusu, na nashukuru umeuliza kabla hujaanza. Kuna mnyoo mmoja sijamtaja, strongiloidi. Anaingia kwa ngozi kama safura, inakadiriwa yuko kwa watu kati ya milioni 300 na 600 duniani, na ana kitu ambacho minyoo wengine niliowataja hawana: anazaliana humohumo ndani yako bila kutoka nje. Mtu anaweza kuondoka shambani akiwa kijana akakaa nae miongo mingi, anakohoa kidogo, tumbo kidogo, mistari inayowasha kwenye ngozi inakuja na kupotea, au haoni kitu kabisa.

Akipewa steroidi kama hizo prednisoloni kinga inashuka, mnyoo anazaliana bila breki, lava wanatapakaa mwili mzima wakibeba bakteria wa utumbo, na watu wengi wanaofika hatua hiyo wanakufa. Mwenye virusi vya HTLV-1 na aliyepandikizwa kiungo nao wako kwenye hatari hiyohiyo. Na mbaya zaidi, mnyoo huyu akipita mapafuni wakati mwingine analeta hali inayofanana na pumu, nayo inatibiwa kwa steroidi.

Choo cha kawaida mara moja kinamkosa sana, lava wanatoka wachache na kwa vipindi. Mwambie daktari wako kwa maneno haya: nimekulia mahali tunatembea peku, naomba nipimwe strongiloidi kabla ya steroidi. Kuna kipimo cha damu, kuna njia ya kuotesha choo maabara. Hata ile hesabu ya kawaida ya damu aangalie eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), zikiwa juu ni dalili, zikiwa kawaida haimaanishi huna. Dawa yake ni ivamektini, albendazo ya dozi moja haimtoshi. Kama uliwahi kuishi sehemu yenye loa, lile funza la macho, mtajie pia kabla hajakupa ivamektini, kuna tahadhari yake. Ila steroidi ukishaanza usikate mwenyewe, ongea nae.

mgeni_kidogo

Nimeandika yote. Kesho nna miadi asubuhi, nitabeba na choo kabisa. Nakibebaje?

hadubini

Chombo kikavu chenye mfuniko kinachofunga, kisiwe kimeoshwa kwa dawa. Jisaidie kwanza kwenye karatasi au kopo safi, sio ndani ya choo cha maji, kisichanganyike na mkojo wala maji. Kiasi cha kijiko kimoja kinatosha, chukua sehemu yenye ute au damu kama ipo. Kikiwa cha majimaji kifike ndani ya nusu saa, kikiwa laini ndani ya saa moja, kikiwa kigumu una muda zaidi kidogo, na cha kutafuta strongiloidi usikiweke kwenye friji maana lava tunamtaka akiwa hai. Kama umetumia antibayotiki au dawa ya minyoo wiki hizi za karibuni waandikie kwenye fomu, inaficha vitu. Na wakisema hawajaona kitu, waombe urudie siku nyingine mara mbili tatu hivi, wala usione haya kuwasumbua, mimi mwenyewe mtu akirudi na sampuli ya pili nafurahi.